Hasira za Mama Viroba wa Kinamasini

Jina la Mama Viroba lilianza kama kejeli. Alikuwa fundi cherehani, mjane, mfupi, mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake. Kibanda chake kilikuwa mwisho wa barabara, na nyuma yake kinamasi, au tuseme kilichobaki. Tajiri wa matofali alikuwa amechimba mtaro kukausha maji ili apate udongo. Visima vikakauka, vyura wakanyamaza, nyoka wakahamia majikoni mwa watu.

Wengine walilalamika. Mama Viroba alikasirika. Aliwaganda wakubwa wa serikali ofisini kwao hadi karani wao akawa anajificha chooni akimwona, na mwishowe tajiri akapigwa marufuku kuchimba. Kisha akashona viroba, wenye kejeli wakampa jina, majirani wakavijaza udongo, wakaziba mtaro. Mvua ziliponyesha, maji yakatuama, visima vikajaa tena. Mafunjo waliyopanda yakashika, kambale wakarudi, na jozi ya korongo wenye taji wakajenga kiota katikati ya majani. Mama Viroba akapiga marufuku hata redio ya kinyozi jirani, isije ikawashtua.

Vifaranga walikuwa wameanguliwa juzi tu alipofika asubuhi akakuta viroba vimechanwachanwa. Maji yote yalikuwa yamekimbia, na mbwa wakatembea kwenye pakavu mpaka kiotani. Kwenye tope kulikuwa na alama za katapila. Dereva wa katapila la tajiri alikuwa mmoja tu: mdogo wake Mama Viroba, wa tumbo moja.

Alimkuta mezani na mkewe. Akafungua kitambaa, akaweka kifaranga aliyekufa kando ya sahani.

"Haya, kula na kitoweo hiki."

"Jamani, dada! Mimi mtu wa kutumwa. Nikikataa ataitwa mwingine."

"Angeitwa! Kwa nini uwe wewe? Hayo maji unayokunywa yametoka wapi?"

"Ni ndege tu, dada."

"Usiniite dada."

Mwanamume akainamia chakula chake. Mkewe ndiye aliyesukuma sahani pembeni, akaondoka mezani.

Kesho yake katapila liliporudi kumalizia kazi, lilimkuta Mama Viroba ameketi juu ya mabaki ya tuta la viroba, cherehani mbele yake, anashona viroba vipya. Majirani wakaja na majembe, na wifi yake alikuwemo. Tajiri akashuka garini akifoka, "Sukuma! Unangoja nini?"

Dereva akamtazama dada yake, akamtazama mkewe, akazima injini. Akateremka, akajiondokea. Mama Viroba hakumshukuru. Alimgeukia tajiri.

"Panda uendeshe mwenyewe, kama una ubavu!"

Tajiri akalizunguka katapila, asijue hata pa kuweka mguu. Watu wakaangua kicheko. Mama Viroba peke yake hakucheka.

Safari hii karani hakujificha. Aliandika maelezo ya mashahidi wote. Tajiri akashtakiwa, akafungiwa tanuri lake la matofali. Mtaro ukazibwa kwa mawe, maji yakapanda tena. Korongo huja kutafuta chakula, lakini kiota kingine hawajajenga.

Mdogo wake Mama Viroba sasa anabeba mizigo sokoni. Kila mara humtuma mkewe alete salamu.

"Mwambie bado mafunjo yanapandwa," Mama Viroba hujibu, macho kwenye sindano. "Akitaka kuongea na mimi, aje na jembe."

Mpaka leo hajaja.