Mshahara wa Matumbo

Sokoni walimwita Magamba, kwa sababu hata akioga mara mbili, magamba mawili matatu yalibaki yameganda mkononi, yaking'aa kama mapambo ya maskini. Kazi yake ilikuwa kupaa samaki na kuwatumbua. Mtu akipiga chafya mara mbili, tayari samaki ametua upande wa pili wa meza, msafi.

Hakulipwa fedha. Alilipwa matumbo.

Hayo yalianza wiki aliyozikwa mumewe, aliyekuwa na boti yake mwenyewe na meza sokoni. Machozi hayajakauka, shemeji yake, mdogo wa marehemu, akavuta kiti na kusema kwa sauti ya huruma, "Shemeji, sisi hatukutupi. Boti nitaiangalia mimi, meza nitaisimamia mimi, wewe utabaki na kisu chako. Ujira chagua: vichwa au matumbo."

Akachagua matumbo, na akacheka katikati ya msiba wake. Vichwa vikamwangukia wifi yake, dada wa marehemu, aliyepaa samaki kwenye meza ileile. "Pole wifi," Magamba alimwambia, "utakula macho na mifupa." Wifi alinuna mwezi mzima.

Nani angemlaumu? Siku hizo tumbo la samaki lilikuwa ghala. Unaingiza vidole kwenye mpasuo, unavuta mara moja, na vinakujia vyote: ini nono linaloteleza, mafuta meupe yaliyojikunja kama shuka, na katika msimu wake mayai, vifuko viwili vilivyolala ubavu kwa ubavu kama pacha. Uzito wake kiganjani ulimfanya anyamaze, yeye ambaye hakujua kunyamaza. Wachuuzi walimngoja na mabakuli yao, wakigombania zamu. Kwa matumbo yale alisomesha wanawe wawili, akaezeka nyumba, na hakumwomba mtu wa ukoo ule hata chumvi.

Kisha mji ukakua, na taka zake zikakosa pa kwenda. Zikatupwa kwenye mfereji nyuma ya soko, na kila mvua iliponyesha mfereji ukazisukuma zote majini. Wavuvi wakawa wanavuta nyavu nzito, wanashangilia, kumbe ni chupa na mifuko. Samaki wakapungua, na waliobaki wakakonda. Magamba alijua kabla ya wote wanachokula, kwa kuwa ndiye aliyewafungua. Vipande vya mifuko. Nyuzi za magunia. Vifuniko vya chupa. Ini limesinyaa, dogo kama ukucha. Mayai hakuwa ameyaona kwa misimu mitatu.

Wachuuzi wakaacha kuja. "Mama, niwakaangie watu mifuko?" aliuliza wa mwisho wao. Shemeji naye akatoa amri: tumbo litolewe mteja akiwa amepewa mgongo, litupwe upesi kwenye gunia chini ya meza. "Samaki huuzwa kwa macho yake, siyo kwa tumbo lake." Magamba akatii. Akawa anainamia samaki tangu alfajiri, na jioni anarudi nyumbani na ndoo tupu.

Asubuhi moja, baada ya yeye na wanawe kulalia uji siku ya pili mfululizo, alisema, "Wifi, tugawane. Nusu vichwa, nusu matumbo."

Wifi aliacha kisu ili acheke vizuri. "Mchagua nazi hupata koroma, wifi yangu! Si ulisema nitakula macho? Nimeyala, na nyonga hizi unaziona."

"Nilikosea."

"Sikusikii."

"Nimesema nilikosea!"

Shemeji akageuka. "Makubaliano ni makubaliano. Ukoo huu hauli neno lake."

"Ukoo huu umekula boti nzima," Magamba akasema. "Neno litaushinda nini?"

Kwenye meza za jirani watu walikohoa, wakainamisha nyuso. Hapo akafika mpishi wa shule, mtu wa tumbo kubwa na kapu kubwa zaidi. Akachagua samaki kumi na wawili, akataka watumbuliwe palepale. Shemeji akamkonyeza Magamba: geuka.

Magamba hakugeuka. Akamlaza samaki wa kwanza mbele ya mpishi, akapasua, akavuta. Likatoka karatasi la nailoni la buluu, refu, likijikunjua kama leso itokayo mfukoni.

"Hiki nini?" mpishi akauliza.

"Utumbo tu, mzee," shemeji akadakia.

Mpishi akainama. "Utumbo una namba ya simu?"

Soko likaangua kicheko. Mpishi hakucheka. Alilitazama lile kapu, akawafikiria watoto wake wa shule, akasema leo watakula maharage. Waliokuwa nyuma yake wakaondoka naye, si kwenye meza ile tu, bali safu nzima, maana maji ni yaleyale.

"Umetuua sote, Magamba!" mama wa meza ya tatu alimpigia kelele. "Mimi nilikukosea nini?"

Yule mama hakuwa amemkosea kitu.

Shemeji akamsogelea, akasema akiwa ameuma meno, "Chukua nusu ya vichwa. Ila mgongo kwa wateja, na mdomo ufunge."

"Vichwa nitachukua. Mgongo sigeuzi."

"Basi weka kisu chini."

Akakiweka. Makapu matatu ya samaki yalikuwa yamesimama juani, na nzi hawakungoja kukaribishwa. Wifi peke yake asingemaliza hata moja kabla ya adhuhuri. Shemeji aliyatazama makapu, akamtazama dada yake, akapangusa jasho.

"Chukua kisu."

Tangu siku hiyo Magamba anafanya kazi akiwa ameelekea watu. Wengine husimama, huona, huenda zao. Wachache hurudi, wakisema afadhali anayeonyesha. Nyumbani sufuria ina vichwa, watoto wanashiba, na wifi hamsalimii.

Lakini kila akipasua samaki mkubwa, mkono wake hukawia. Vidole viwili hupita juu, ubavuni, pale palipokuwa pakilala vile vifuko vya mayai, vikipapasa taratibu kama mtu anayetafuta kitanda gizani.

"Unatafuta nini humo?" wifi alifoka juzi, akisahau kwamba hawaongei. "Samaki wanaoza!"

Magamba akatoa vidole, akatupa yaliyomo guniani, akavuta samaki mwingine.