Taa ya mama yangu ilikuwa inaenda kanisani: niliyojifunza kuhusu swichi za WiFi

Niaje wakuu. Leo sikuja kuuliza, nimekuja kukiri.

Haya yote niliyafanya mimi, kwa mikono yangu, na sehemu zingine zinaniaibisha. Nimeziacha ndani makusudi, kwa sababu najua kuna mtu hapa anapanga kufunga swichi ya WiFi wikendi hii na sitaki apitie nilikopitia.

Mnijue kidogo kwanza. Nina kibanda cha kurekebisha simu mtaa wa Kawangware, hapa Nairobi. Simu nazijua. Stima ya nyumba nilidhani naijua.

Mama yangu alikuja kutoka Kitui kufanyiwa operesheni ya nyonga. Alikuwa amejikwaa kwenye waya wa extension ya redio akaanguka. Daktari alisema physio wiki kumi, na asianguke tena hata kidogo. Akakaa kwa dada yangu Mwende, mtaa wa Olympic, nyumba ya chini kabisa. Dirisha la chumba chake linatazama ukuta wa ploti ya pili, kwa hivyo hata saa sita mchana, bila taa, huoni kikombe ulichoshika.

Swichi iko karibu na mlango. Kitanda kiko upande ule mwingine. Mwende anatoka asubuhi kwenda saluni na kurudi jioni. Katikati ya hapo ni Mama, mkongojo wake, na giza.

Najua mtaandika: si ungemnunulia taa ya kando ya kitanda? Nilinunua. Mama alitazama waya wake umelala sakafuni, akanitazama mimi, akaniuliza kama nina haraka ya urithi.

Ndiyo nikaamua swichi ya WiFi.

Wacha nieleze polepole hapa, kwa sababu ndipo wengi hupotelea. Usijali kama hujawahi kushika bisibisi, utaelewa.

Swichi ya kawaida ni kama geti. Stima inafika, geti likifunguliwa inapita kwenda kwa taa. Geti halili. Swichi ya WiFi ni geti lenye askari. Askari yuko macho saa zote akisubiri amri kutoka kwa simu, na askari lazima ale hata geti likiwa limefungwa. Ili ale, nyingi zinahitaji nyaya mbili: live inayoleta stima, na neutral inayoirudisha.

Sasa, kwa nyumba zetu nyingi fundi hakuleta neutral kwa swichi. Ilienda moja kwa moja kule juu kwa taa, ikakaa huko. Kwa swichi utakuta live inayoingia na waya wa kupanda kwa taa, basi.

Hiyo niliyonunua ilitaka neutral. Ilikuwa imeandikwa kwenye boksi, kwa herufi ndogo. Sikusoma. Mimi ni mtu wa simu, nani husoma boksi?

Nikazima main ya Mwende, ile swichi kuu ya nyumba nzima, nikafungua ukuta. Nyaya mbili, zote nyekundu. Nikakaa chini nikafikiria. Halafu nikaona kwamba nyuma ya kile kisanduku cha swichi kuna tundu, na ndani ya tundu kuna waya mweusi, unatoka upande wa pili wa ukuta. Nikaugusa na tester. Haikuwaka. Nikasema maneno ambayo najutia mpaka leo: neutral ni neutral.

Sikujiuliza huo waya ni wa nani.

Nikaunganisha, nikawasha main. Swichi ikanyamaza kabisa. Nikakaza hapa, nikalegeza pale, nikatoka jasho. Mama ananiangalia kutoka kitandani. Mwishowe nikaigonga na mpini wa bisibisi kwa hasira.

Ikawaka!

Nikamwambia Mama, kwa sauti ya mtu aliyesomea, kwamba siku ikikataa agonge tu huo ukuta kidogo, hata kutoka kitandani maana unafika mpaka huko, itashika.

Kuiendesha sasa. Nilikuwa nimempa smartphone ya zamani yenye app, lakini vidole vyake vimeshika jembe miaka mingi na skrini haikuvitambua kama vidole. Tukakubaliana hivi: akitaka taa ananiflash mara moja, yaani anapiga na kukata, na kabambe yake, ile simu ndogo ya vitufe, mimi kule kibandani Kawangware nawasha. Akiflash mara mbili, nazima. Wateja wangu walizoea. Niko katikati ya kubadilisha kioo, simu inalia mara moja, naweka kila kitu chini nawashia mama taa Olympic.

Siku mbili za kwanza, sawa. Halafu ikaanza.

Taa inazimika yenyewe. Kwa app swichi inasema offline. Nikaanza kufanya yale yote mnayofanya nyinyi. Nikahamisha router. Nikahakikisha WiFi ni ile ya 2.4GHz na si ya 5, kwa sababu swichi nyingi za bei yetu hazioni ya 5 kabisa. Nikabadilisha balbu. Nikareset swichi mara tatu. Nikaseti upya mpaka nikaanza kuota password.

Haikusaidia. Lakini Mama alinipigia siku moja, akapiga kabisa, hakuflash, kuniambia kwamba ile dawa yangu inafanya kazi. Mvua ilikuwa imeanza, taa ikaenda, akagonga ukuta na mkongojo, ikarudi.

Nikafurahi, wakuu. Nikamweleza kwamba ni contact imelegea ndani. Nikaeleza vizuri sana, mpaka na mfano nikatoa.

Baada ya muda akaniambia jambo lingine: dawa ya kugonga haifanyi kazi Jumapili. Siku zingine ukigonga inaitika. Jumapili hata ugonge namna gani, haikusikii.

Nikafungua history ya app nikaandika kwa karatasi. Jumapili, saa tatu asubuhi mpaka saa saba, offline. Jumatano, saa nane mpaka saa kumi, offline. Na kila mvua yenye ngurumo, offline.

Mwende alisoma hiyo karatasi, akaniuliza taratibu kama nimeona ni saa za nini hizo. Jumapili ni ibada. Jumatano ni ushirika wa akina mama. "Hii taa imeokoka," akasema. "Kitu sijaelewa ni kwa nini inaogopa mvua."

Nilicheka. Jumapili iliyofuata sikucheka.

Mwende alikuwa ameenda kazini, kuna harusi. Mama alikuwa ameamka kuelekea choo, yuko katikati ya chumba, taa ikazimika. Hakuanguka. Alijishusha polepole mpaka sakafuni, akakaa hapo kwenye giza akiogopa kusogea. Kabambe ilikuwa kitandani. Alikaa hivyo mpaka taa ilipowaka yenyewe saa saba na kitu.

Nilipofika jioni alikuwa ameshaamua. Alibakisha wiki sita za physio na hakutaka kuzisikia. Akasema mume mlevi aliishi naye na alimvumilia, lakini hataishi na taa inayoondoka bila kuaga. Tumtafutie gari la Kitui, Ijumaa anaondoka.

Huko nyumbani hata physio iliyo karibu iko mbali, si ya kwenda na mkongojo. Mimi na Mwende tulijua akienda ndiyo basi, huo mguu utabaki vile ulivyo.

Jumatano nikameza aibu nikamtafuta fundi wa kweli. Anaitwa Otis, anatoka Soweto West, na amefuatilia nyaya zilizopita mahali ambapo panya angeomba maelekezo. Akafungua swichi yangu, akauangalia ule waya mweusi kwa muda mrefu.

"Boss, hii neutral uliitoa wapi?"

Nikamwonyesha tundu. Akatoka nje, akabisha mlango wa jirani.

Jirani ni Mama Ayub, mama wa makamo kutoka Kakamega, mpole, anauza nguo za watoto. Tulimkuta amevaa sare yake ya ushirika, Biblia kwapani, na mkono mwingine uko juu kwa main switch yake. Otis akamwomba azime. Akazima.

Kutoka nyumba yetu tukasikia Mama akisema, "Imeenda tena."

Otis akamwomba awashe. Akawasha.

"Imerudi," Mama akasema.

Wakafanya hivyo mara nne. Mimi nilikuwa nimesimama kwa korido nikitamani sakafu inimeze.

Ni hivi. Mama Ayub amekulia mahali ambapo radi haipigi hodi. Kwao, ngurumo ya kwanza ikisikika, unafunika kioo, unazima main, unakaa mbali na dirisha. Alikuja na hiyo desturi Nairobi na hajawahi kuiacha. Na akitoka kwenda kanisani pia anazima main, kwa sababu nyumba haiachwi na stima peke yake.

Soketi yake na swichi yetu zimepeana mgongo ukutani. Neutral niliyochukua ilikuwa yake. Main yake inakata live na neutral pamoja, kwa hivyo akizima, askari wangu anakosa chakula na geti linajifunga. Akiwasha, askari anaamka na kufungua, kwa sababu ndivyo swichi ilivyokuwa imesetiwa kufanya ikirudiwa na stima.

Tester yangu haikuwaka siku ile kwa sababu neutral haiwashi tester. Na hata ningegusa live yake isingewaka, maana alikuwa kanisani na main iko chini. Ile swichi haikushtuliwa na mpini wa bisibisi. Ni Mama Ayub alikuwa amerudi nyumbani.

Halafu Otis akaeleza sehemu ya hatari, na naomba muisome mara mbili. Main ya jirani ikiwa imezimwa, stima ya kwetu ilikuwa inapita ndani ya swichi na kuvuka kwenye waya wake mweusi. Yaani yeye anajua nyumba imekufa, kumbe kuna waya unauma.

Mama Ayub akaweka Biblia chini.

"Juzi nilifungua hiyo soketi kutoa mende kwa kisu," akasema. "Nikazima main kwanza, kama mtu mwenye akili."

Akanigeukia mimi.

"Kijana, mimi nimekimbia radi ya Kakamega miaka yote hii, ndio nije kuuawa na taa ya Mama Mwende?"

Niliomba msamaha. Sikujitetea, hakukuwa na kitu cha kutetea. Otis alikuwa tayari anatoa ule waya.

Ndipo Mama akatokea mlangoni na mkongojo wake, hatua ndogo ndogo. Akamwangalia Mama Ayub kuanzia viatu mpaka kitambaa.

"Kwa hivyo ni wewe ulikuwa unaniwashia."

"Na ni wewe ulikuwa unanigongea? Nilidhani unaniambia radi imepita nirudishe stima."

"Mimi nilikuwa nataka taa tu."

Mama Ayub hakuenda ushirika siku hiyo. Walikaa kwa kitanda cha Mama wakiulizana maswali, na sauti yangu haikuhitajika.

Kesho yake Otis alirudi na swichi ya aina nyingine, zile zisizohitaji neutral. Askari wake anakula kidogo kidogo kupitia kwa taa yenyewe. Ubaya wake ni kwamba balbu ndogo ya LED inaweza kubaki inamulika kama jicho la paka hata ukizima, au ikapepesa. Ndiyo maana huja na kadude kadogo, capacitor, kanafungwa kule juu kwa taa. Msikatupe mkidhani ni takataka ya boksi. Angalia pia hiyo swichi inakubali taa ya wati ngapi kuanzia chini, na kama kisanduku chako cha ukutani kina kina cha kutosha, maana swichi yenyewe ni nene. Chagua yenye kitufe cha kubonyeza kwa mkono, WiFi zetu tunazijua. Na kwa settings, tafuta ile ya stima ikirudi: iambie irudi vile ilivyokuwa, isiamue yenyewe. Kama hupangi kugusa ukuta kabisa, balbu ya WiFi inatosha, ila swichi lazima ibaki on na kila mtu nyumbani akubaliane na hilo.

Ijumaa ikafika. Begi la Mama limefungwa, gari limeshapatikana, dereva anapiga simu akiuliza tuko wapi. Nikamwomba Mama ajaribu taa mara moja tu. Nikamkumbusha aniflash.

Hakushika simu. Alichukua mkongojo, akagonga ukuta mara tatu.

Nikaanza kumweleza kwamba sasa tumetenganisha, hiyo haiwezi tena kufanya kazi. Taa ikawaka.

Mwende alikuwa amemwekea Mama Ayub ile app kwa simu yake jana yake. Hakuna aliyeniambia.

Kwa hivyo, wakuu, mfumo wa kisasa niliofunga kwa mama yangu ni huu: amri inatoka kwa mkongojo, inapita ukutani, inaingia kwa sikio la Mama Ayub, anabonyeza simu, inaenda mpaka seva sijui Uchina, inarudi Olympic, taa inawaka. Sekunde nne.

Mama akazima na kuwasha mara kadhaa. Kisha akatuambia tumwambie mwenye gari asimngoje.

Physio aliimaliza. Siku hizi anatembea bila kitu mkononi, anaweza kufika kwa swichi na kurudi akiimba. Mkongojo bado uko kando ya kitanda. Ni wa taa.

Funzo langu ni fupi. Fungua ukuta kwanza, ndipo uende dukani. Soma boksi. Waya usiojua unakotoka usiuguse, ita fundi wa stima, si aibu, hata mimi watu huniletea simu walizojifungulia wenyewe na huwa siwacheki sana.

Karibuni mseme mliyopitia. Walio na swali la neutral waulize, nitajibu ninachojua, na nisichojua nitamuuliza Otis. Na kama unasoma hii ukikumbuka waya fulani mweusi uliouvuta kutoka kwa ukuta wa jirani, zima main yako, nenda umbishie hodi, halafu urudi uandike hapa bila haya. Mimi nimeshatangulia.