Kisu Hakipokewi Mkononi

Nilipokuwa bado naifikia meza ya jikoni kwa kuchuchumia, nyumbani kwetu Peckham, London, kulikuwa na sheria moja ya kisu, nayo ilikuja na bibi kutoka Tanga. Kisu hakipokewi mkononi. Anayetoa akiweke mezani, anayekitaka akiokote mwenyewe. Mkipokezana, mtatengana. Mama alisema hizo ni porojo, lakini hata yeye nilimwona akikiweka mezani.

Bibi alikuja kunilea wakati mama yuko kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Aliniita mke mwenzangu, kama mabibi wanavyowatania wajukuu wao wa kike, nami nilimjibu kwa Kiingereza, kama watoto wote wa pale. Tulielewana vizuri tu.

Alasiri hiyo alikuwa anamenya mihogo tuliyonunua kwa Mnigeria wa dukani. Nikamganda na mimi nimenye. Sufuria ikafurika, akageuka kuiwahi, na bila kufikiri akanipa kisu mkononi. Nakumbuka mpini ulikuwa na joto la kiganja chake. Muhogo ukateleza, kisu kikanipata kidole cha shahada.

Damu ilitoka nyingi kuliko nilivyodhani mtoto anayo. Bibi akapekua makabati akitafuta kahawa, maana kwao jeraha hubandikwa kahawa ya unga ikaishika damu. Ya kwetu ilikuwa ile ya chupa, ya kukoroga. Ikayeyuka papo hapo, ikachuruzika na damu hadi kwenye kiwiko. Bibi aliitazama ile chupa kama mtu aliyedhulumiwa. Mama alipigiwa simu, hakupokea. Ndipo bibi akanibana kidole kwa pindo la kanga, akakiinua juu ya kichwa changu, tukatoka. Kiingereza hakukijua ila changu, wala mabasi ya London hakuyajua. Mimi ndiye niliyesema tunapanda lipi. Njia nzima hakukiachia kidole, na njia nzima alikuwa na neno moja.

"Pole, mke mwenzangu. Pole. Pole sana."

Tulipofika hospitali damu ilikuwa imekata. Nesi alikuwa mtu mwema. Alisafisha ule uji wa kahawa, akauliza nani alinipa kisu. Nikasema bibi. Bibi naye, kwa kuona nimekunja uso, akarudia pole zake, machozi yakimtoka.

"What's Granny saying, darling?"

"She's saying sorry."

"Sorry for what?"

Sikujua. Nani ajuaye pole ni ya nini? "Sorry" ndiyo tafsiri niliyokuwa nayo, na mpaka leo sijapata nyingine.

Wakanitenga na bibi. Mwanamke mmoja mwenye kitambulisho shingoni alinikalisha chumba kingine, akaniuliza kama bibi huwa anakasirika. Kwenye kioo cha mlango nilimwona bibi kitini, kanga ina damu, akiitazama mikono yake. Mama alipofika, bado yumo ndani ya sare, alieleza mpaka sauti ikamkauka: pole si kuungama, pole hupewa hata mpita njia aliyejikwaa. Yule mwanamke alimsikiliza kwa adabu, kisha akauliza, "So is she sorry, or isn't she?"

Watu wa ustawi wa jamii walikuja nyumbani mara mbili, wakaridhika, wakatuacha. Bibi hakuridhika. Hakushika tena kisu nikiwa jikoni, na mwezi haukuisha akaomba arudi kwao.

"Nimekuja kulea, nimeonekana nimekuja kuua," alimwambia mama.

Uwanja wa ndege alikishika kile kidole chenye kovu. "Nilikupa mkononi," akasema. "Na ninajua." Hatukuonana tena. Alifariki nikiwa sekondari, na nauli ya kwenda kumzika ilimtosha mama peke yake.

Miaka mingi nilishikilia kwamba bibi alikosea, kwamba kilichotutenga ni neno, kisu hakikuwa na kosa. Hata hivyo simpi mtu kisu mkononi. Juzi binti yangu alitaka kukata limau, nikamwekea kisu mezani, akakiokota mwenyewe, na bado kikamkata. Nikambana kidole, nikakiinua juu, na pole ikanitoka kabla sijafikiri.

"Why are you sorry, Mum?" akaniuliza. "You didn't do it."

Nikaendelea kubana. "Pole," nikasema tena. "Pole sana."