Nilisubiri Waniulize Mara ya Tatu

Kosa ni langu, sina wa kumsingizia, hata yule daktari wa meno. Nimelificha tangu miaka ile ya Zaïre, tulipokuwa tunaitana citoyen, yaani mwananchi, na kulificha kumenichosha. Nichekeni tu, ila sikilizeni mpaka mwisho.

Nilikuwa mpiga taipu katika ofisi moja hapa Lubumbashi. Jino bovu lilinipeleka kwa daktari mmoja Mwajemi. Yeye alitaka kujua Kiswahili, mimi nilitaka kuonekana msomi. Tukakubaliana: kila Jumapili niende kwake tunywe chai, kila mtu amfundishe mwenzake.

Kwao mgeni hapokei kitu mara ya kwanza. Akipewa chai anakataa. Akibembelezwa anakataa tena. Mara ya tatu ndipo anakubali, na mwenyeji anafurahi kama yeye ndiye aliyepewa. Ukisifu zulia lake atakwambia, "Chukua, ni lako," nawe huchukui, kwa sababu hiyo ni adabu tu. Jamani, adabu hiyo ilinipanda kichwani kama bia. Nikaanza kuwaona watu wetu wa mtaa wa Kampemba, wanaonyoosha mkono kabla sahani haijatua, kuwa washamba.

Jumapili moja daktari akanipa sentensi mpya: Arus bar-e sevvom bale migeh. Akataka kunieleza, nikamkatiza. Bar-e sevvom ni mara ya tatu, bale ni ndiyo, nilikwisha kuyajua. Na arus? Nikacheka. Arusi ni neno letu, daktari! Nikaandika daftarini: "Mambo ya arusi: unasema ndiyo mara ya tatu."

Laiti ningemwacha amalize.

Nilikuwa na mchumba, tumwite Mwape, binti wa watu wa Pweto, kule ziwani, waliohamia mtaa wa Hewa Bora. Yaya, kaka yangu mkubwa, ndiye aliyepaswa kunipeleka kwa wazazi wake. Wiki ile alikuwa kazini mgodini, nami subira sina. Nikachukua abacost yake bila kumwambia, lile koti la heshima lisilotaka tai, nikaenda peke yangu.

Mama yake Mwape akaleta bukari, ugali wetu, ya moto na samaki wa kwao.

"Mutoto, kula," akasema baba yake.

"Aksanti papa, nimeshiba."

Moja, nikahesabu moyoni, nikangoja kubembelezwa. Mzee akanitazama sana. Kwetu anayekataa chakula cha wakwe ni kama amewaita wachawi, na hilo nililijua tangu utoto.

"Mama, utoshe sahani. Muntu ameshiba."

Samaki akarudi jikoni, mimi nikabaki na harufu yake. Mzee, nadhani kwa kunihurumia, akabadili mazungumzo.

"Hii abacost yako iko muzuri sana."

"Haina kitu mbele yenu, papa. Iko yenu."

Nikafungua na vifungo, ili kukoleza adabu. Mzee akasimama, akaipokea, akaivaa. Ilimkaa kuliko ilivyonikaa mimi. "Aksanti, mwana," akasema, uso umelainika, nami nikaketi na singleti ya ndani yenye tundu begani.

Sasa alikuwa amefurahi. Akamwita Mwape, akamkalisha karibu na mama yake, kisha akaniuliza polepole, kama wazee wanavyouliza neno kubwa.

"Weye, unamutaka huyu mutoto wetu kwa ndoa?"

Daftari likafunguka kichwani. "Hapana, papa," nikasema, nimeinamisha kichwa. "Miye simustahili."

Nikaendelea kuinama, nikisubiri ya pili.

"Bon. Anasema hapana. Tumesikia." Akanifungulia mlango.

Nilisimama uani na singleti yangu, sikuondoka. Baadaye Mwape akatoka, macho mekundu.

"Unangoya nini?"

"Nangoya baniulize tena. Bado mara mbili."

"Papa anaulizaka mara moja," akasema, akafunga mlango.

Yaya alipotoka mgodini mwisho wa wiki, nilirudi naye kwenda kueleza, hasira ya abacost bado inamchemka. Mzee akatusikiliza vizuri. Akajibu kwamba Kiajemi hakijui, lakini hapana anaijua.

Jumapili nikamsimulia daktari. Kwanza alicheka mpaka akashika shavu, halafu akaacha. "Arus siyo arusi," akasema. "Arus ni bibi arusi. Msichana ndiye anayeulizwa mara tatu. Mwanamume akiulizwa anasema ndiyo mbio, hata kwetu."

Nililia palepale juu ya zulia lake. Nilimpenda Mwape, siwafichi.

Tangu hapo nikiulizwa kitu nakubali kabla swali halijaisha. Ndiyo maana mwaka uliofuata, mtu alipokuja ofisini kuuliza nani atasaidia kubeba viti vya arusi, nikasema ndiyo, wala sikuuliza ni ya nani. Tukavibeba mpaka Hewa Bora. Aliyetupokea mlangoni ni mzee yule yule, ndani ya abacost ya yaya. Mama akaleta bukari, akaniuliza kwa wasiwasi kama ninakula. Nikala sahani mbili, huku Mwape akicheza na mume wake.

Vijana, jifunzeni lugha za watu, ni jambo zuri. Ila mwacheni mwalimu amalize sentensi. Na siku ukiulizwa kama unamtaka, jibu ndiyo hapo hapo, hata kama mdomo umejaa bukari.