Picha Namba 31 Imeliwa na Mchwa, na Mume Wangu Haoni

Alhamisi, tarehe 12. Asubuhi ukungu mzito, manyunyu hadi saa tatu, baadaye jua hafifu.

Admin, naomba jina langu lisionekane. Naandika kama ninavyoandika kwenye daftari langu la kila siku, kwa sababu nikijaribu kulisema jambo hili kwa mdomo nalia kabla sijafika katikati.

Nina miaka hamsini na mbili. Nilimaliza kidato cha nne. Nalima migomba na kahawa huku Karagwe, upande wa Igurwa. Mume wangu alikuwa mpiga gitaa wa bendi ya dansi, wakizunguka kumbi za Karagwe na Kyerwa hadi Bukoba mjini. Sasa ana kisukari, na tangu mwaka jana haoni kabisa.

Tangu ujana wake alikuwa hatupi kitu. Mabango ya madansi, tiketi, majalada ya santuri, magazeti yenye picha za wanamuziki aliowapenda, barua za mashabiki, hadi shati la kumetameta alilopigia siku ya kwanza jukwaani. Yote yalijaa masanduku manne ya mbao. Macho yalipoanza kufifia aliniambia, "Mama Koku, msomi wa nyumba hii ni wewe. Andika vyote kabla sijafungiwa taa." Tukaandika miezi mitatu. Yeye anashika kitu na kusimulia alikipata wapi, mimi nakipa namba na kukieleza kwenye daftari.

Namba 31 ni picha ya mtoto wetu wa kwanza, Koku, amekaa juu ya ngoma kubwa ya bendi siku ya mazoezi. Koku alifariki akiwa na miaka sita. Hatuna picha yake nyingine. Mume wangu aliiweka katikati ya mabango akisema, "Nyota wa bendi ni huyu, sisi wengine tulikuwa tunamsindikiza."

Msimu wa kahawa uliopita alilazwa hospitali karibu miezi miwili. Mvua zikanikuta na kahawa mbichi kwenye turubai. Kila mtu wa huku anajua kahawa ya maganda ikilala chini inaota ukungu. Nikaiingiza stoo. Masanduku yalikuwa juu ya kichanja. Nikayashusha sakafuni, kahawa ikapanda kichanjani. Nilijisemea ni siku tatu tu. Lakini nilikuwa hospitali kuliko nyumbani, na ile sakafu ni ya udongo.

Nilipokuja kuinua sanduku la kwanza, lilikuwa jepesi. Mbao zilipasuka mikononi kama biskuti. Ndani kulikuwa na udongo wa mchwa. Masanduku yote manne yalikuwa hivyo: karatasi zimekwisha, shati limebaki vifungo. Nilipekua udongo ule kwa vidole kuanzia asubuhi hadi saa nane mchana nikitafuta hata kipande cha Koku. Sikupata. Nikauzoa, nikaufukia kwenye kibanja, shamba letu la migomba, karibu na kaburi lake.

Mume wangu alirudi akiwa amekatwa vidole viwili vya mguu. Hata kukaa hajakaa, akauliza, "Masanduku yangu yapo?"

Nikajibu, "Yapo."

Tangu siku hiyo, kila baada ya chakula cha mchana anaita, "Haya waitu, mwenzangu, fungua ukumbi." Mimi nachukua lile daftari la namba, nampa karatasi za kalenda za zamani au manila ashike, nasoma namba, namweleza anachoshika. Siku moja alipapasa akasema, "Bango hili limekuwa laini sana."

"Uzee, Baba Koku. Na wewe si umelainika?"

Alicheka hadi akakohoa. Mimi nilikwenda jikoni kulia. Hapa nyumbani nimefiwa na mtoto wangu mara ya pili, na siwezi kulia mbele ya baba yake.

Jana alipiga simu rafiki wa mume wangu kutoka Songambele, aliyekuwa mpiga ngoma wa bendi. Anakuja Jumapili baada ya ibada. Nilisikia akipiga kelele kwenye simu, "Shemeji mwambie aandae matoke! Nataka nimwone yule mtoto aliyekalia ngoma yangu bila kulipa kiingilio!" Huyu ana macho. Nimefikiria kumpigia nimwombe adanganye pamoja nami. Nimeshika simu mara nne leo, nikairudisha mezani.

Halafu leo mchana mume wangu akaomba namba 31. Nikamwekea karatasi mkononi, nikaeleza kama kawaida: gauni la njano, mikono imeshika ukingo wa ngoma, viatu vyeusi vinaning'inia.

Akaipapasa ile karatasi. "Viatu? Koku pale alikuwa miguu peku."

Ni kweli, alikuwa peku. Viatu vile nilimnunulia baadaye. Hapo ndipo nilipotambua kwamba hata mimi nimeanza kuisahau ile picha.

Akaikunja ile karatasi taratibu, akaiweka mfuko wa shati. "Mwache avae, Mama Koku," akasema. "Siku ile kulikuwa na baridi."

Sijui kama amejua. Kama amejua na ameamua kuninyamazia, nikitubu nitamnyang'anya hata hicho kidogo alichojibakizia. Kama hajajua, Jumapili atalisikia jambo hili kwa mgeni mbele ya watu, na kosa litakuwa la mkewe aliyemwamini awe macho yake.

Ndugu zangu mnaosoma, hasa mliowahi kumficha mgonjwa jambo: nimwambie kabla ya Jumapili, au nimpigie yule mgeni? Msinitukane, nimeshajitukana vya kutosha. Niambieni tu nifanye lipi.

Sasa ni saa saba kasorobo usiku, naenda kulala.