Mwalimu Hajra Afunza Subira

Mwalimu Hajra wa shule yetu, hapa nyuma ya Ndia Kuu, hajapata kumngoja mtu amalize neno. Ukianza, "Nimekuja ku..." yeye ashajibu hapana. Chai huinywa ikimchoma, kisha huilaumu chai. Basi huyo ndiye aliyepelekwa semina ya siku mbili, akarudi na tableti na dawa ya wanafunzi wenye pupa.

Dawa yenyewe mchezo wa kwenye hiyo tableti. Taa ya kijani ikiwaka, bonyeza. Ikiwaka nyekundu, zuia kidole. Ati ukizoea kuzuia kidole, utazuia na ulimi. Nikamwambia, mimi mwalimu mwenzake, "Dada, hawa watoto..."

"Najua!" akanikata.

Aliyelengwa ni Mejumaa, binti wa mchukuzi wa soko la Marikiti. Huyu hujibu kabla swali halijesha, na kinachomuuma Hajra ni kuwa hupatia. Hajra akaapa: Alhamisi atapimwa mbele ya mwenyekiti wa shule, akikosa mara tano, akatafute shule nyengine. Mtoto wa watu akajizoeza wiki nzima, hali, hachezi. Nilikereka, wallahi, maana barua ya kumfukuza mtoto, Hajra aliiandika tangu Jumanne.

Alhamisi nikasimama mlangoni. Mejumaa yuko katikati ya mchezo, hajakosa hata mara moja, mara akaingia mwenyekiti, Mzee Adamji mwenye duka la vyombo.

"Asalaam aleikum."

"Waaleikum salaam. Shikamoo, babu!" Mejumaa kainuka, kaubusu mkono wa mzee. Huku nyuma taa sita za kijani zikawaka bila kidole. Zote zikahesabiwa makosa.

"Mmeona?" Hajra akadakia, barua mkononi. "Hana subira!"

"Salamu yangu hukuiitika, mwalimu," mzee akasema. "Hebu nioneshe wewe huo mchezo."

Hajra akaketi. Lo! Kijani kabonyeza, nyekundu kabonyeza, hata skrini tupu kabonyeza. Makosa kumi na tisa.

"Tableti mbovu hii!"

Mzee akaligeukia darasa. "Ati wanangu, ni mbovu?"

Watoto wote wakamtazama Mejumaa. Siku zote ndiye wa kujibu. Mejumaa akafumba midomo, akatazama sakafu, machozi yakimlenga.

"Ni nzima kabisa!" nikapayuka mimi, mtu mzima, kule mlangoni.

Mzee akaichukua barua, akaipasua, akamwambia Mejumaa arudi kitini kwake. Sasa, kwa amri ya mzee, kila Jumatatu baada ya masomo tunaufanya ule mchezo, mimi na Hajra, na anayetusimamia ni Mejumaa.