Kikapu cha Dani

Kabla hujaendelea kusoma, taja jina kamili la nyanya yako.

Asubuhi nilikuwa makumbusho hapa Kisumu na wanafunzi wangu wa kutoka Usenge. Akinyi, wa kidato cha pili, alisimama mbele ya kikapu kimoja. Kibandiko kilisema: "Kikapu cha omena (dagaa), Usenge. Msusi hajulikani."

"Anajulikana. Ni Dani," akasema. Yaani nyanya yake.

Mwongozaji akacheka. "Binti, kila mtu hapa ana Dani."

"Wangu husuka kwa mkono wa kushoto. Angalia."

Tukaangalia. Vikapu vingine vyote vilikuwa vimesukwa kwa kuzungushwa kuelekea kulia. Hicho peke yake kilielekea kushoto.

Mwongozaji akatoa kalamu. "Haya, jina lake?"

Akinyi hakulijua. Nyumbani nyanya huitwa Dani tu.

Nikampa simu yangu ampigie, tukaiweka kwa spika.

"Dani, jina lako ni nani?"

"Kwani umenisahau?"

"Hapana. Wanataka kuliandika makumbusho, kwa kikapu chako."

(Niliangalia kama simu imekatika. Haikuwa imekatika.)

Kisha akataja majina yake matatu, polepole. Mwongozaji akaandika.

"Sasa soma," akasema Dani. "Nisikie."